Mwaka Nilioyachoma Maua ya Mama Hansa

Hivi wewe umeshawahi kumsaidia mtu mpaka ukamharibia? Mimi nimewahi. Tena nilimsaidia kwa moyo mweupe, nikatoka jasho, nikamaliza nikanawa mikono na kujisifu. Ilikuwa mwaka ule niliokaa Pasiansi kwa Mama Hansa, nina miaka kumi na sita au kumi na saba, hapo katikati, maana kwetu huko nyuma ya Bujora ukiuliza umezaliwa lini unaambiwa wakati wa kuchuma pamba, mengine hesabu mwenyewe. Na nisingeianza habari hii kama Hansa mwenyewe asingekuja. Amekuja mwezi uliopita, hapa hapa Kiseke, ameshuka kwenye bajaji ana fimbo mkononi, nywele nyeupe pee, anauliza kwa majirani nyumba ya Milembe. Mjukuu wangu Debora akampokea akamwekea kiti. Mimi namwangalia, najiuliza huyu bibi wa Kihindi ni nani, anataka nini kwangu, mpaka aliponiambia, "Milembe, bado unaogopa maji?" Nilicheka nikakaa chini. Ndipo akanipa habari kwamba mama yake amefariki huko Ulaya, amekufa mzee kabisa, usingizini. Halafu akageuza shingo akayaona maua yangu kando ya tenki, ya njano na ya rangi ya chungwa. Akasimama bila fimbo. Akaenda kuyashika moja moja kama mtu anayesalimia watoto.

Nyumba ya Mama Hansa ilikuwa ya zamani, ukuta mnene, ndani kuna baridi hata saa saba mchana. Mbele kuna veranda yenye bembea ya mbao, na Mama Hansa alikuwa anakaa pale asubuhi anachambua dengu huku mguu mmoja unasukuma sakafu. Nyuma ni ua, halafu bustani, halafu ardhi inashuka kwenye yale mawe yetu makubwa ya Mwanza, halafu ziwa. Mimi nililala stoo. Usinionee huruma, ile stoo ilikuwa nzuri kuliko chumba chochote nilichowahi kulala kabla. Kulikuwa na magunia ya mchele na dengu, mitungi ya achari ya embe imefungwa vitambaa mdomoni, na harufu ya binzari iliyoingia mpaka kwenye blanketi langu. Nikienda kanisani Jumapili watu wananinusa, wanajua huyu anakaa kwa Wahindi. Shida ilikuwa moja tu, samaki. Nyumba ile hawakula samaki wala nyama, na dirishani naliona ziwa zima limejaa sato. Nilikula chapati nyembamba kama kitambaa, nilikula wali na mtindi, dengu kila siku ya Mungu, na nilishiba, lakini mdomo ulikuwa unalia. Kulikuwa na dada mmoja Mkerewe, Veronika, aliyekuwa anakuja kufua na kupiga pasi, yeye alikuwa na dagaa wake kwenye kikopo. Tulikuwa tunakwenda kuwala nyuma ya karo la kufulia, tumechuchumaa, halafu tunatafuna majani ya mpera kuua harufu. Veronika alikuwa na mdomo. Aliniita "mtoto wa pamba." Akiniona nimebeba ndoo vibaya, "We mtoto wa pamba, hilo ni ziwa, si kisima, halikauki, punguza mbio."

Na Mama Hansa sasa. Siku ya kwanza nilipiga goti nikamsalimia shikamoo kwa Kiswahili changu cha darasa la tatu, nimekariri njia nzima. Akaitikia marahaba, kisha akaendelea na Kisukuma. Akaniuliza nimelalaje, kwetu mvua imenyesha, njiani nimekula. Kisukuma chenyewe si cha kuokoteza, kile cha ndani kabisa, cha bibi zetu. Nilimwangalia mdomoni nione kinatokea wapi. Kumbe baba yake alikuwa na duka upande wa Magu huko, katikati ya mashamba, na yeye amekulia nyuma ya kaunta na watoto wa wakulima, wanacheza wote kwenye magunia. Kiswahili alikuja kukijifunza ukubwani baada ya kuolewa mjini, na hakukipenda sana. Basi tangu siku ile nikamwita mayu, kama ninavyomwita mama yangu, naye akaitika.

Kazi aliyonipa ilikuwa maua. Kupika alipika mwenyewe, hataki mtu. Kufua ni Veronika. Mimi ni maua na maji ya maua. Ni haya haya unayoyaona, siku hizi wenye bustani za kuuza kule barabarani wanayaita marigodi, yeye alikuwa anayaita galgota. Mbegu yake nyembamba kama mchongo wa penseli, nusu nyeusi nusu kama nyasi kavu. Alinifundisha kila kitu kwa vidole. Unalainisha udongo wa kitalu mpaka ukiushika haukuchomi, unamwaga mbegu, unafunika kwa udongo kidogo tu kama unavyonyunyiza chumvi kwenye yai. Maji unamwagia kwa kopo lililotobolewa matundu kwa msumari, maana ukimwaga na ndoo umezika watoto. Yakifika majani manne unahamisha, jioni, siyo mchana. Halafu siku moja akapita kwenye tuta anakata vichwa vya miche yote kwa kucha, tap, tap, tap. Mimi nikajua leo amekasirika. Nikamfuata nyuma naokota vile vichwa, nataka kulia. Akasema ngoja wiki mbili. Kweli, pale palipokatwa yakatoka matawi manne, matano, na kila tawi na ua lake. Nilipoona hivyo nikaanza kuyapenda. Kwetu kulima ni kwa ajili ya tumbo au kwa ajili ya mnada wa pamba. Sikujua mtu anaweza kulima rangi.

Asubuhi nilichuma nikiwa nimeoga, miguu peku, naweka kwenye sinia ya shaba. Sharti lilikuwa usinuse. Ua la Mungu hanusi mtu kabla ya Mungu mwenyewe. Basi pua yangu ilikuwa inawasha kila asubuhi, naibana kama mtu anayepita chooni, Veronika anakufa kwa kicheko. Mama Hansa alikuwa anatunga shada kwa sindano na uzi, anavisha picha za miungu yake kwenye kabati lililokuwa kona ya sebule, anawasha taa ya samli. Maua yakinyauka hayatupwi jalalani. Hayo yameshatolewa, mtu hapaswi kuyakanyaga. Kila Jumamosi nilipewa mashada yote ya wiki kwenye kitambaa, nishuke nayo kwenye mawe niyatie ziwani, yaende.

Hapo ndipo palipokuwa na siri yangu. Mimi ni mtu wa bara la ndani, maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya bwawa la ng'ombe. Ziwa lile mimi niliona linahema. Kuchota maji nilichotea pale penye mchanga, naingia mpaka kwenye kifundo cha mguu, natoka mbio, na hata hapo nilikuwa namwomba Mungu. Lakini mashada ilibidi yatiwe kwenye maji ya kina, kwenye ncha ya jiwe, ambako jiwe lenyewe lina utelezi, na Veronika alishanipa hadithi zake zote za mamba. Jumamosi ya kwanza nilifika katikati ya mawe nikachuchumaa. Nikaona kuna ufa, mawe mawili yameegemeana, chini yake pakavu, pana kivuli. Nikayasukuma mashada humo. Nikarudi juu na kitambaa kitupu. Mama Hansa akaniuliza yameenda. Nikasema yameenda. Jumamosi ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, mpaka ikawa ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka ule Hansa alikuwa anaolewa Desemba. Alikuwa amenizidi miaka miwili mitatu, mcheshi, ananifundisha kuandika jina langu vizuri, mimi namfundisha kutembea na ndoo kichwani, zote zinamwagika. Mama yake alikuwa na neno moja tu kuhusu harusi ile. Vyakula, nguo, wageni, yote alimwachia Baba Hansa na ndugu zake. Yeye alitaka maua. Mbegu ile ilikuwa ya mama yake mzazi, alikuja nayo kutoka kwao imefungwa kwenye pindo la sari, akaiotesha nyuma ya lile duka, na siku Mama Hansa anaolewa, yeye na mumewe walivishana mashada ya maua hayo. Mama yake alishakufa. Ndugu wengi walishahama nchi. Mwanza nzima aliyekuwa na mbegu ile ni yeye peke yake. Alinieleza haya tukiwa tumeinama kwenye tuta, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikaelewa kwamba Hansa asipovaa maua yale, kwa huyu mama itakuwa kama bibi yake Hansa hakualikwa.

Basi mwezi wa nane maua yakaanza kuchoka. Mama Hansa akasema sasa tusichume tena, tuyaache. Hakusema tunayaacha kwa nini, kwake ilikuwa jambo la wazi. Mwanzo wa mwezi wa tisa wakaondoka na Hansa kwenda Musoma kwa ndugu, kualika watu, siku sita. Akaniambia, "Angalia bustani." Mimi nikaiangalia. Kila nikiiangalia naona aibu. Maua tuta zima yamesimama makavu, ya kahawia, vichwa vimening'inia, upepo ukija yanasuguana kama karatasi. Sasa uelewe mimi nimetoka wapi. Kwetu pamba ukishamaliza kuchuma, ile miti mikavu haiachwi hata siku moja zaidi ya siku iliyosemwa. Unang'oa, unakusanya, unachoma, usipofanya hivyo wadudu wanalala humo wanakuja kula pamba ya mwakani, yako na ya jirani. Bwana shamba anapita na baiskeli. Akikuta shamba lako lina miti, unatozwa, unasemwa kwenye mkutano, watoto wako wanachekwa. Mimi tangu najua kutembea, mwezi wa tisa ni mwezi wa kung'oa na kuchoma. Mtu akiacha mabaki yasimame tunasema huyo ana mgonjwa nyumbani. Na Mama Hansa amekulia huko huko, nikasema anajua, ila amezidiwa na mambo ya harusi. Nitamsaidia.

Siku ya nne niliamka mapema. Nikang'oa yote, mche hadi mche, nikakung'uta udongo kama nilivyofundishwa na baba yangu, nikarundika katikati, nikawasha. Yaliwaka haraka, moto mzuri, hauna moshi mwingi, na harufu ile niliyokatazwa kuinusa ikajaa ua mzima. Nikavuta pumzi nikanusa mpaka nikatosheka. Halafu nikalima pale, nikasawazisha, nikamwagia maji ili vumbi litulie. Veronika alipofika kesho yake akapaona, akasema aisee mtoto wa pamba leo umefanya kazi ya kiume. Yeye ni mtu wa samaki, angejuaje.

Walirudi saa kumi jioni. Mimi niko getini nimevaa gauni langu la kanisani, nasubiri kusifiwa. Mama Hansa akapita ndani, akaosha miguu, akatoka nyuma. Nikamfuata. Alisimama kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akaangalia bustani, kisha akaniangalia mimi, kisha bustani. Hakupaza sauti. Aliniuliza kwa Kisukuma mimea iko wapi, nikamwonyesha lile doa jeusi. Akauliza kwa nini. Nikamjibu, kwa ujasiri tu, kwamba nimechoma kabla bwana shamba hajatukuta. Alikaa pale pale kwenye ngazi, na sari yake nzuri ya safari, kwenye vumbi. Akashika kichwa. Mimi bado sijaelewa. Hansa ndiye aliyeniambia polepole kwamba mbegu zilikuwa kwenye vile vichwa vikavu, ndiyo maana waliacha, na kwamba hakuna nyingine popote, mama hajabakiza, alishazipanda zote. Baba Hansa akatoka, akaelezwa, akaanza kufoka kwa lugha yao, na Mama Hansa akamkatiza kwa Kiswahili, nadhani alitaka nisikie na mimi: "Huyu hana kosa. Mimi nimechukua mtoto wa pamba, nimemwachia miti mikavu mwezi wa tisa, nimeondoka. Ulitaka afanye nini?"

Mimi nakuambia, bora angenipiga. Nimezeeka sasa nimeona mengi, na bado sijaona kitu kizito kama kusamehewa upesi. Siku zilizofuata nyumba ilipoa. Mama Hansa hakuimba. Alikuwa anaimba akisukuma chapati, wimbo mmoja usioisha, sasa unasikia ule mti wa kusukumia peke yake. Bembea ilikaa. Nikipeleka maji ya kunywa mezani, wakati wa chakula cha mchana, nawasikia wanaongea, lugha siijui lakini jina langu nalijua, Milembe, Milembe, halafu kimya, halafu kijiko kinagonga sahani. Veronika akaniambia hapo unapangiwa nauli. Akaniambia pia Hansa atavishwa maua ya karatasi, amesikia yanaagizwa. Usiku sikuwa na shida, nililala, nilikuwa kijana. Shida ilikuwa asubuhi, nikiamka mkono unatafuta sinia ya shaba, na sasa hata mche wa kusubiri haupo.

Jumamosi ikafika, mashada ya kupeleka hatukuwa nayo tangu tuache kuchuma. Nilishuka kwenye mawe hivyo hivyo, kwa mazoea. Nikachungulia ule ufa. Yalikuwa yamejaa humo, mashada ya miezi yote, makavu, yamesongamana kama nyuzi kwenye kapu la fundi cherehani. Nikavuta moja, nikapasua kichwa cha ua, na ndani mbegu zikamwagika kwenye kiganja, nyeusi kwa njano, zimejipanga. Nilizitazama nikafurahi, na furaha ile ile ikageuka ikawa woga. Maana sasa elewa: lile la kuchoma nilikuwa nimeshasamehewa. Nilifanya kwa kutojua. Hili la huku nilifanya kwa kujua, kila Jumamosi, na kila Jumamosi nikaongeza neno la uongo. Na halikuwa kosa la bustani. Lilikuwa kosa juu ya Mungu wao. Nikisema, yule mama aliyenitetea mbele ya mumewe atajua alitetea nini. Nikinyamaza, Hansa anavaa karatasi. Nilikaa kwenye jiwe mpaka jua likanichoma kisogo. Nilifikiria hata kuzichukua mbegu kimya kimya nimpe nikisema nimezipata kwa mtu. Lakini ningempa jina la nani? Yeye angetaka kwenda kumshukuru huyo mtu.

Nilimkuta verandani, anachambua dengu, bembea haisogei. Nikapiga goti. Nikamwambia, "Mayu, yale maua ya Jumamosi sikuyatia ziwani."

Hakuinua macho. "Ya Jumamosi ipi?"

"Zote."

Vidole vikasimama kwenye dengu. Akauliza niliyatupa wapi. Nikasema sikuyatupa, niliyaweka, naogopa maji, ziwa linahema. Nikamweleza ufa, nikamweleza yamekauka, na nikafungua kiganja nikamwonyesha zile mbegu, zimeshalowa jasho. Akaziweka dengu chini. Akasema, "Nipeleke."

Basi tukashuka. Mama mtu mzima, mnene kidogo, amekusanya sari mkono mmoja, viatu mkono mwingine, na mimi mbele namshika. Pimbi wamelala juani wakakimbia. Tukafika kwenye ufa, nikaanza kuchomoa, yeye akanishika mkono nisiendelee. Alisimama amekunja uso. Akasema haya alishayatoa, yalishakuwa ya Mungu mwenyewe, na mtu akishampa mwingine kitu halafu akaenda kukichukua, huyo ni mtu wa namna gani. Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anajisemesha. Nikaona kabisa anageuka kurudi, na maua yanabaki pale, na mimi ndiye nimeyaharibu mara mbili.

Sijui maneno niliyapata wapi. Nilimwambia, "Lakini mayu, hayajamfikia. Yaliishia hapa. Aliyeyakatisha njia ni mimi."

Akanigeukia. Ule mdomo wake ukaanza kucheza pembeni, akauzuia, ukacheza tena, halafu kicheko kikamtoka tumboni, akacheka mpaka akaegemea jiwe, anafuta macho na pindo la sari. Mimi sikuthubutu kucheka. Alipotulia akaunganisha viganja, akageukia ziwa, akasema maneno machache kwa lugha yao, si kwa sauti ya kuomba, kwa sauti ya mtu anayemweleza jirani jambo lililotokea. Kisha akatandaza pindo. "Weka humu."

Ya chini yalikuwa yameoza. Ya katikati walishakula mchwa, na pimbi nao walichukua chao. Ya juu ndiyo yaliyotufaa. Tulichambua siku mbili, sisi watatu, Mama Hansa, Hansa na mimi, tumekaa chini verandani, ubuyu mdomoni. Nyingi zilikuwa tupu, ua lilichumwa kabla halijakomaa, mbegu ukiibonyeza ni hewa tu. Tukapanda zilizobaki. Zikaota chache, nakumbuka ukipita kitaluni unaweza kuzihesabu bila kuchoka. Na safari hii hakukata vichwa. Nikamuuliza mbona hukati, akasema tukikata tutapata mengi lakini yatachelewa, harusi haisubiri. Niliyamwagilia kama mtu anayenywesha mgonjwa, asubuhi kopo moja, jioni kopo moja. Na yeye kila jioni akishuka kuangalia, anasimama karibu yangu, na siku moja akaanza ule wimbo wake, katikati, kama hakuwahi kuuacha.

Siku ya harusi yalichanua ya kutosha mashada mawili. Mawili tu, la bwana harusi na la Hansa. Mlangoni tulitundika majani ya mwembe, na wageni wengine kutoka Musoma nilisikia wananong'ona kwamba nyumba hii mwaka huu wamebana. Mama Hansa aliwasikia pia, akapita na sahani ya ladu, vile vitamutamu vyao vya mviringo, anatabasamu. Mbele kabisa kwenye tuta aliacha miche sita haijaguswa, mikubwa kuliko yote, na akamweka Veronika kuilinda, Veronika na mdomo wake, hakuna mgeni aliyesogea. Nilisimama mlango wa jikoni nikamwona Hansa anainamisha kichwa avishwe. Na mama yake hakumtazama Hansa. Alilitazama shada. Nikajua anamwangalia mama yake.

Ile miche sita ilipokauka alikaa na mimi chini, tukafikicha, akagawa mafungu mawili kwa jicho. Moja akafunga kwenye kitambaa akaweka kabatini, moja akanipa. Nikasema mayu hizi ni nyingi. Akasema mbegu isikae tena nyumba moja, nyumba ina watu, na watu wanasaidiana. Alisema hivyo na akanifinya shavu. Mwaka uliofuata niliondoka nikaolewa, na wao baadaye wakahama, na mimi nimepanda kila mwaka, kwenye kila nyumba niliyokaa, nyingine zina uwanja wa kutosha mkeka tu.

Haya yote nilikuwa namweleza Hansa na yeye anayajua, anacheka pale pale ninapocheka. Nilimtungia shada la picha ya mama yake, uzi na sindano, macho yetu sote hayaoni tundu, Debora ndiye aliyetuingizia uzi. Hansa akanisimulia kwamba mwisho wake Mama Hansa alisahau lugha nyingine, Kiingereza kikaondoka, Kiswahili kikaondoka, akawa asubuhi anawaamkia manesi Kisukuma, mwangaluka, mwangaluka, nao wanamwitikia kwa kumpungia mkono. Hapo nililia kidogo. Nikamuuliza lile fungu la kabatini. Akasema walikwenda nalo Ulaya, mama aliotesha miaka kadhaa, halafu mwaka mmoja baridi na unyevu vikaingia kwenye kopo, ukungu ukala zote. Mama yake hakusema sana. Alisema tu Milembe anazo. Nilimfungia Hansa kidogo aende nazo, lakini anaishi ghorofani, udongo wake uko kwenye kikombe. Ameondoka Ijumaa.

Basi jana nilikuwa nafikicha vichwa vikavu kwenye ungo, nikawa nawaza kwa sauti, tabia ya uzee. Nikasema wanangu wote wanataka ua uwekwe matofali ya pevingi magari yaingie, na mimi nina magoti haya, na hizi mbegu ziko nyumba moja tena. Debora alikuwa hapo anapanga begi, anakwenda chuo cha unesi Tabora, simu iko sikioni, nikajua hasikii. Kumbe anasikia. Akaagana na mtu wake, akaja akachuchumaa, akachota viganja viwili kwenye ungo, akaanza kuniuliza, unafunika udongo kiasi gani, unahamisha yakiwa na majani mangapi, kichwa unakata lini. Nikamjibu. Nikamwambia Tabora kuna jua kali, na hosteli kuna mbuzi wa watu, na masomo yenyewe ni magumu, asijibebeshe mzigo kwa kunionea huruma. Hakunibishia. Alifunga mbegu zake kwenye leso, akaziweka katikati ya nguo ambapo hazitabanwa, akafunga zipu. Ndipo akaniambia, "Bibi, mwakani usihangaike kuanika. Mbegu utachukua kwangu."